MAKARATASI YALIYOLALA



Wahenga walisema ya kuwa kinyozi hajinyoi. Maneno hayo twayasikia tangu utotoni, na kila mmoja wetu akiyasikia humfikiria jirani yake. Leo twataka kuyaelekeza kwetu wenyewe, sisi makarani na watunza kumbukumbu, ambao kutwa kazi yetu ni karatasi za watu. Mtu akiingia katika masjala zetu akaulizia barua iliyoletwa miaka saba iliyopita, twalijua jalada lake, twaijua namba yake, na kabla hajakaa vema kitini barua imekwisha wekwa mbele yake. Lakini mtu huyohuyo akitufuata nyumbani jioni, akatuuliza cheti cha ndoa yetu kiko wapi, tutaanza kupekua chini ya godoro, juu ya kabati na ndani ya begi la safari, na mwisho tutamwambia, "Njoo kesho." Neno lile tunalolaumiwa nalo ofisini, nyumbani twajiambia wenyewe.

Lililotuamsha ni msiba. Mwenzetu mmoja, aliyekaa upande wa pili wa kilima cha Wazo, alifariki dunia ghafla akiwa bado kazini. Jina lake hatulitaji, kwa heshima ya watoto wake. Arobaini ilipokwisha, mjane alituita tumsaidie kutafuta karatasi za marehemu, akatuletea viroba viwili vilivyojaa hata mdomoni. Humo tulikuta risiti za umeme, madaftari ya watoto, kadi za michango ya harusi, na hati ya mauziano ya kiwanja iliyoliwa na mchwa mahali pale penye majina ya mashahidi. Barua ya ajira ya kwanza haikuwamo. Cheti cha ndoa hakikuwamo. Tulitafuta jioni nne. Yule mama hakulalamika hata kidogo, ila jioni ya nne aliinua uso akatuuliza, "Shemeji, ninyi wenzake wa kazini, kwenu mmeziweka wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa, maana sisi tunaoandika maneno haya, kwetu palikuwa vilevile.

Twakiri basi habari zetu, kwani mwonyaji asiyejionya hasikilizwi. Chini ya kitanda chetu palikuwa na sanduku la bati ambalo tangu tuhamie Wazo halikupata kufunguliwa ila kwa kutupiwa karatasi nyingine ndani. Kila tulipoliona tulisema, "Tutalipanga tukipata likizo." Likizo zilikuja zikapita, kila moja na sababu yake. Na katika sanduku lile, tulijua sana, mlikuwa na jambo moja lililotuuma kuliko yote: kitinda mimba wetu, aliyekwisha timiza miaka sita, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Palikuwa na tangazo la kizazi tu, lile lililotolewa hospitali siku aliyozaliwa. Kwa kukosa cheti hatukuwa tumemwandikisha katika bima ya afya, nasi hukatwa mchango wa bima kila mwezi. Mtoto alipougua tulilipa fedha taslimu dirishani kama mtu asiye na haki, ilhali haki ilikuwa chini ya kitanda.

Usiku ule tuliotoka kwa mjane tulilivuta sanduku. Hatukulipanga, kwani hatukuwa na moyo wa kulipanga. Tulitafuta karatasi ile moja tu, tangazo la kizazi, tukaitia katika bahasha pamoja na nakala za vitambulisho vyetu, tukaiweka juu ya viatu vya kazini ili asubuhi tusiweze kuvaa viatu pasipo kuishika. Kazi yenyewe ilituchukua asubuhi mbili, na siku nyingine ya kwenda kukichukua cheti. Siku tatu, basi! Tulikuwa tumeziogopa kwa miaka sita.

Sasa sikilizeni lililofuata, maana ndilo hasa tunalotaka kulisema. Cheti kilipoingia nyumbani kilitaka mahali pa kukaa. Haikutupendeza kukirudisha katika sanduku lile. Tukanunua jalada moja la karatasi ngumu, tukaandika juu yake WATOTO, tukakitia. Jalada likaonekana pweke, tukatafuta vyeti vya ndugu zake wawili. Kwa kuvitafuta tukayamwaga makaratasi yote sakafuni. Yalipokwisha mwagwa hayakuweza kurudi kama yalivyokuwa, kwa sababu macho yalikwisha yaona: risiti za redio iliyokufa zamani, barua za mkopo uliokwisha lipwa, funguo za makufuli yasiyokuwapo tena. Tukayagawa mafungu. Jumamosi iliyofuata tukalifungua kabati la nguo, na Jumamosi ya pili yake tukaingia stoo.

Katika stoo tulikuta mifuko mitatu ya saruji tuliyoinunua kwa ajili ya kupiga lipu chumba cha nyuma. Sisi tukaao Wazo twaijua saruji kuliko watu wengine, kwani kiwanda kilichopo kilimani pale kimekuwa kikiitengeneza tangu mwaka 1966, kwa mawe ya chokaa ya kilima hichohicho. Twajua ya kuwa mfuko wa saruji ukikaa mahali penye unyevu haungoji fundi, bali hufanya kazi yake peke yake humo mfukoni, ukawa jiwe lenye umbo la mfuko. Mifuko yetu mitatu ilikuwa mawe. Tukaibeba nje mmoja mmoja, na tulipokuwa tukiibeba tulimkumbuka mjane na vile viroba vyake. Karatasi nayo ina wakati wake wa kuwa laini. Wakati mwenyewe angali hai, shahidi yupo, mwenyekiti wa mtaa aliyepiga mhuri angali akikumbuka, jambo la nusu saa hulimaliza. Wakati huo ukipita, jambo hilohilo hutaka hakimu.

Watu wengi hudhani ya kuwa nguvu hutangulia kazi. Husema, "Nikipata moyo nitapanga nyumba yangu, nitapanga maisha yangu." Sisi tumeona kinyume chake. Moyo haukuja kwanza. Kilichokuja kwanza ni karatasi moja iliyopigwa mhuri, na moyo ukaifuata kama ndama amfuatavyo mama yake. Twaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza, karatasi iliyocheleweshwa haijulikani uzito wake mpaka iinuliwe. Ikilala miaka sita, hofu huinenepesha kila mwaka, hata mtu akaamini ya kuwa itamtaka mwezi mzima na fedha nyingi. Akiifanya akaona ni siku tatu, huanza kuzishuku hofu zake nyingine zote, na kumbe nazo zilikuwa zimenenepa bure.

Sababu ya pili, karatasi ina mwisho unaoonekana. Mambo mengi ya nyumbani hayana mwisho: sakafu ikifagiliwa leo, vumbi la barabara ya Madale litairudia kesho. Lakini cheti kikitoka kimetoka. Mtu mwenye mambo mengi yasiyokwisha ahitaji sana kuliona moja lililokwisha. Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa elimu ya nafsi huko Berlin, alitangaza mwaka 1927 ya kuwa watu aliowajaribu walizikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko zile walizomaliza. Wataalamu waliokuja baada yake hawakupata wote jibu lilelile, na wanaendelea kubishana. Lakini sisi hatukuhitaji kwenda Berlin. Kwa miaka sita hatukupata kumsikia mtoto yule akikohoa usiku pasipo kulikumbuka sanduku.

Sababu ya tatu, kuchambua karatasi ni shule ya kukata shauri. Kila karatasi huuliza swali moja: nikae au niondoke? Karani amefundishwa jambo hilo kazini. Tangu ilipotungwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, na hata kabla yake, twajua ya kuwa jalada lina maisha yake: hufunguliwa, hutumika, hufungwa, kisha ama huhifadhiwa kwa faida ya taifa ama huteketezwa kwa idhini. Mtu aliyekwisha kata mashauri mia juu ya karatasi zake hawezi kushindwa na viatu vibovu vilivyo nyuma ya mlango. Mkono umekwisha zoea.

Hapa yatupasa kutoa onyo, kwani tumeliona kosa hili kwa wenzetu na kwetu pia. Wako watu ambao, wakikumbuka fomu iliyolala, huondoka wakaanza kufagia uani. Hupanga vyombo, huosha mapazia, hutoa makopo, na jioni huwa wamechoka sana na fomu ingali palepale. Kufagia ni kwema, lakini ufagio waweza kuwa maficho. Nyumba hung'aa na deni likabaki. Ndiyo maana twasema anzeni na karatasi, nayo itaushika mkono ufagio. Ufagio ukitangulia, mara nyingi hauishiki karatasi mkono.

Wala hatusemi ya kuwa kila kiporo ni uvivu. Yako mambo yaliyocheleweshwa na ofisi zenyewe, yako yaliyokwama kwa ada isiyopatikana, na wako wanachama walioandika barua tatu wasijibiwe hata moja. Kwa hao lawama haipo. Lakini hata wao wana karatasi moja ya kutunza, nayo ni nakala ya ile barua waliyoiandika, yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa. Asiye na nakala hana dai.

Na tukumbuke ya kuwa siku ya kuulizwa huja pasipo hodi. Mwezi Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hao si habari yetu leo. Lakini katika taarifa hiyo walitajwa pia watumishi walioleta vyeti pungufu, na katika siku zile za uhakiki hapakuwa na karani asiyeulizana na mkewe vyeti viko wapi. Tena, mwisho wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole uliwekwa kuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukaongezwa siku 20 mpaka tarehe 20 Januari 2020. Na ninyi mlioshinda juani katika foleni za kitambulisho cha Taifa hamkusahau. Waliokwenda mapema walikaa vivulini.

Basi twawashauri wanachama mambo machache, nao wayapime.

Kwanza, chagueni karatasi moja tu. Msichague iliyo rahisi kuliko zote, wala iliyo ngumu kuliko zote. Chagueni ile inayowauma mkilala. Iwekeni mahali ambapo hamwezi kupita pasipo kuigusa.

Pili, kila mtumishi awe na jalada moja la utumishi wake nyumbani: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo, na vyeti vya masomo. Sheria yaruhusu kustaafu kwa hiari katika miaka 55 na yalazimisha katika miaka 60, na barua hizo ndizo zitakazosema naye atakapofika mbele ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Mfuko huo ulianza mwaka 2018 kwa kuiunganisha mifuko minne iliyotangulia, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Kwa hiyo wako wengi kati yetu ambao utumishi wao una kurasa katika zaidi ya mfuko mmoja. Ni heri kuhakikisha michango yenu mngali na meno ya kusemea.

Tatu, jalada la jamaa: cheti cha ndoa, awe mtu ameolewa kanisani, msikitini au bomani, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Mtoto akitaka kuingia katika bima ya mzazi huulizwa cheti. Akija kuomba mkopo wa elimu ya juu huulizwa cheti kilichohakikiwa na RITA. Na msipite haraka juu ya majina. Herufi moja iliyokosewa shuleni na kuandikwa vingine katika cheti huweza kumsumbua mtoto miaka ishirini baadaye.

Nne, jalada la kiwanja. Sisi wa Wazo, Salasala, Madale na Mivumoni, na wenzetu wa Mbagala na Chamazi katika Temeke, wengi wetu tulinunua ardhi kwa mwandiko wa mkono mbele ya mjumbe, tukajenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu. Hati ile ya mauziano, yenye majina ya mashahidi na mhuri wa mtaa, ndiyo mlango wa urasimishaji na wa kila hati itakayofuata. Ipigeni picha, itoeni nakala, na nakala moja ikae mbali na nyumba.

Tano, wekeni saa moja katika mwezi kwa kazi hii, baada ya mshahara. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kidogo kidogo katika ununuzi wa umeme, na watu waliozoea kuisahau mwaka mzima sasa huilipa pasipo kupanga foleni. Jambo dogo linalorudi kila mwezi halimwelemei mtu. Bandu bandu huisha gogo.

Sita, mke au mume ajue majalada yako wapi. Jalada analolijua mtu mmoja peke yake hufa siku moja naye.

Turudi sasa kwa yule mjane, maana habari yake haijaisha. Baada ya kutafuta sana, cheti cha ndoa kilipatikana nakala yake kanisani walikofungia ndoa, na barua ya ajira ilipatikana katika jalada la siri la marehemu kazini. Msimamizi wa mirathi aliteuliwa katika Mahakama ya Mwanzo. Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe jalada lake lilipofika katika ofisi moja lilikaa mezani wiki baada ya wiki, chini ya majalada mengine. Alikuwa akipanda daladala kutoka Tegeta mapema asubuhi, na kila alipofika alijibiwa, "Njoo kesho."

Nani aliyemjibu hivyo? Ni karani kama sisi, mwenye watoto kama wetu na sanduku kama letu. Twaamini hakuwa mtu mbaya. Twaamini meza yake ilikuwa kama uvungu wetu ulivyokuwa: imejaa, anaiogopa, na kila asubuhi hutupa jingine juu yake akingoja siku atakayopata moyo.

Chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa Serikali katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba aliyekiongoza alikuwa karani. Wazee wale walidai heshima ya karani Mwafrika katika siku ambazo heshima hiyo haikutolewa bure. Sisi warithi wao hatuna wa kumdai heshima hiyo tena ila sisi wenyewe, na mahali pa kuidai ni juu ya meza.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wote jambo moja kabla ya mkutano ujao. Kila mmoja amalize karatasi moja iliyolala nyumbani kwake. Kisha, moyo ule utakapomjia, asiumalizie wote katika kabati lake, bali aende nao kazini asubuhi, atoe jalada lililo chini kabisa ya rundo, asome jina lililoandikwa juu yake, na alifanyie kazi siku hiyohiyo. Mwenye jina hilo, au mjane wake, yupo kituoni anangoja daladala.